Anti, anayetupangia zamu ndiye huyohuyo tunayetakiwa kumfungukia

Shikamoo Anti,

Nimetoka naiti na usingizi umegoma tena, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka. Mambo ya sisi wauguzi tuliokuwa wodi za korona unayajua, sitaanza mwanzo. Nataka tu uniambie kama ni sawa mtu anayepanga rosta, anayejaza tathmini yako ya mwaka, awe huyohuyo aliyepewa kiti cha ushauri nasaha na kutuambia, "Fungukeni wanangu."

Simchukii. Mama wa watu ana roho nzuri na mafunzo kapelekwa kweli. Ila ukimwambia hulali, yeye ndiye anayeamua kama unaweza kuachiwa wodi usiku. Ukimwambia moyo unakwenda mbio ukisikia mlio wa oksijeni, yeye ndiye anayeandika kama kazi unaimudu. Utafunguka vipi hapo?

Watu wanasema korona iliisha. Kweli, Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba si dharura ya kimataifa tena. Waliokuwa ndani ya zile wodi hawajatangaziwa chochote. Anti, mtungi mkubwa wa oksijeni una lita 6,800 hivi. Mgonjwa mwenye barakoa ya mfuko, anayekwenda lita 15 kwa dakika, anaumaliza kwa saa saba na nusu. Ukiwaunganisha wawili haufikishi saa nne. Ule mdogo wa kumhamishia mgonjwa, wa lita 680, ni dakika 45, na humo kuna kusubiri lifti. Sasa chukua usiku mzima, wagonjwa wako na mitungi iliyopo, ugawe. Hesabu hiyo ndiyo iliyobaki kichwani. Wengi wanafikiri tunaota marehemu. Mtu anaamka saa tisa usiku, yuko kitandani kwake, anagawa lita.

Na kuvua vifaa vya kujikinga. Glavu kwanza, gauni, unanawa, miwani, unanawa, barakoa ya N95 ya mwisho ukiwa umeshatoka chumbani, unanawa tena. Hatari iko kwenye kuvua kuliko kuvaa, kwa sababu hapo umechoka, jasho la Dar linakuingia machoni na mkono unakimbilia uso wenyewe. Hukunywa maji tangu uingie, maana kwenda haja ni kuvua yote na kuanza na seti mpya, na seti zinahesabiwa. Hofu ile haijatoka kwa watu. Yupo anayenawa nyumbani mpaka vidole vinachubuka, yupo asiyembeba mwanawe mpaka aoge mara mbili.

Usinijibu kwamba ni uchovu, nipumzike. Tofauti naijua, ni kazi yangu. Sonona ni huzuni au kukosa hamu karibu siku nzima, wiki mbili na kuendelea, na likizo haiiondoi. Tukio likijirudia kichwani, ukawa mtu wa kushtuka na kukwepa mahali, na mwezi ukapita, hicho ni kiwewe na kina tiba yake. Kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi ni jambo la tatu, na Shirika la Afya lenyewe limeliandika kuwa ni jambo la kazini, halikuliita ugonjwa. Maana yake dawa iko kazini: idadi ya watu kwenye zamu, naiti zisizofuatana mno, nusu saa ya kukaa chini. Yaani iko kwenye rosta. Na rosta iko kwa nani? Ndiyo maana narudi palepale.

Walituwekea kikao kimoja. Duara, kila mtu asimulie alichokiona, watu wakalia, chai na sambusa, sahihi kwenye karatasi, kwisha. Kumsimulisha mtu kwa mkupuo vile hakumkingi na kiwewe, na mwongozo wa Shirika la Afya haushauri kufanya hivyo. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Kwenye kuunganisha ndipo petu panapokatikia, kwa sababu unaunganishwa na mwenye rosta.

Basi wengine wanajitibu kwa diazepam. Inalaza, ndiyo. Ukiinywa kila siku kwa wiki kadhaa mwili unaizoea, na ukiiacha ghafla usingizi unakimbia kabisa, mikono inatetemeka, na degedege linaweza kukupata. Hupunguzwa kidogokidogo daktari akikufuatilia. Mimi sijaigusa, nasema kwa sababu najua utauliza.

Tangu Mpox ithibitishwe nchini Machi 2025, kwetu kuna orodha ya watakaoingia chumba cha kutengea wagonjwa ikitokea. Jina langu limo. Kaliweka yeye. Sikatai kazi, Anti, na asije mtu kusema nakimbia. Kuna watoto wametoka chuo juzi, hawajawahi kubadilisha mtungi alfajiri huku mgonjwa anakutazama. Wakiingia peke yao watapata niliyoyapata. Nataka niwemo kwa ajili yao. Nataka pia nitolewe. Mume wangu anasema niache kazi tufungue duka, na hilo sitaki hata kulisikia.

Kliniki ya afya ya akili ipo, na si ya hospitali yetu. Naweza kwenda kama mgonjwa mwingine yeyote. Ila mji huu wauguzi tunajuana, na pale dirishani anakaa niliyesoma naye. Nikienda na daktari akaniandikia nisifanye naiti, ile karatasi lazima niipeleke kwa mtu, na mtu mwenyewe ni yuleyule. Nikiificha, naiti zinaendelea na tiba haina maana.

Je, nimpelekee? Au nimruke niende kwa mganga mfawidhi, ambaye atamwita na kumuuliza kwa nini muuguzi wake kamruka?

Rosta ya mwezi ujao haijabandikwa bado. Ukijibu, nakuomba usitaje wodi wala hospitali.

Muuguzi, Dar es Salaam