Kiranja wa kuandika wapiga kelele sio kiongozi

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hivi kwa nini tukisema tunafundisha uongozi watoto wa miaka 11 mpaka 14 tunaishia kuchagua kiranja na kumpa daftari aandike wapiga kelele? Huo ni upolisi bwana. Mi nalea kikundi cha watoto wa rika hilo, siku moja tukawaachia watafute tatizo wenyewe, wakarudi na bomba la shule linalovuja, nikajua watatuita sisi wakubwa, kumbe binti mmoja mpole ambaye darasani hata mkono hanyooshi kashatega ndoo anahesabu inajaa kwa dakika ngapi, hesabu wakampelekea mwalimu mkuu na fundi akaja. Wala sio jambo geni, kambi ya kwanza ya skauti 1907 vijana waligawanywa vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi kijana mwenzao.

Halafu jamani, kufagia kama adhabu tusiite huduma kwa jamii, mtoto uliyemwadhibu kwa ufagio jana, leo ukimwambia ajitolee anakutazama tu.

Ni mimi, mzazi na mlezi wa kikundi.