Kabla hujalipa garanti ya duka la pili

Lubumbashi, mwezi wa saba

Ndugu yangu Kabwe,

Salamu kwa shemeji na watoto. Umeniandikia kwamba duka lako la kaye (madaftari) na zawadi pale komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, linakwenda vizuri, na unataka kufungua lingine komini ya Kampemba na la tatu mji wa Likasi. Kabla hujatoa garanti, ile pesa ya dhamana anayodai mwenye nyumba, sikiliza kwanza habari ya Paperchase ya Uingereza. Biashara yao ilikuwa hiyohiyo yako: karatasi, kadi, kalamu, ajenda (vitabu vya tarehe za mwaka) na zawadi ndogondogo.

Wanafunzi wawili wa sanaa waliianzisha London mwaka 1968. Duka lao kubwa, kwenye barabara ya Tottenham Court Road, lilisifika kwa karatasi za kila namna, hata zile za kutengenezwa kwa mkono. Wenye mali walibadilika mara kwa mara: WHSmith, wauza vitabu na magazeti wa Uingereza, halafu Borders, wauza vitabu wa Marekani, halafu mwaka 2010 mameneja wake pamoja na wawekezaji. Vitu vyao vilikuwa vizuri na wateja walivipenda mpaka mwisho.

Iliyowashinda ni kodi ya nyumba. Novemba na Desemba zilileta kama asilimia 40 ya mauzo ya mwaka, lakini mwenye nyumba alidai miezi yote, na maduka yalikuwa zaidi ya mia. Mwaka 2019 wakaomba kodi ipunguzwe. Novemba 2020 maduka yakafungwa kwa ajili ya korona, katikati ya msimu wenyewe, na Januari 2021 kampuni ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ikanunuliwa, ikauzwa tena 2022, na 31 Januari 2023 ikaanguka kabisa ikiwa na maduka 106. Tesco, kampuni ya supamaketi, ilichukua jina na michoro, maduka ikayaacha. Wenye kadi za zawadi wakapewa wiki mbili tu za kuzitumia. Hilo linaniuma, kwa sababu watu wale walikwisha kulipa.

Msimu wako wewe ni mwezi wa nane na wa tisa, watoto wanaporudi shule, na kidogo wakati wa Noeli. Piga hesabu: kodi ikiwa dola 300 kwa mwezi, mwaka ni 3,600. Faida ikiwa robo ya bei unayouzia, lazima uuze vitu vya dola 14,400 ili kulipa nyumba peke yake, kabla ya mshahara, umeme na usafiri wa mali kutoka mpakani Kasumbalesa. Kila duka jipya linaanza na deni hilo. Mimi ningekodi meza Kampemba kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, karibu na mlango wa shule, kisha niiondoe. Hao WHSmith waliweka kibanda cha vitabu kwenye stesheni ya Euston tangu 1848. Mwaka 2025 wameuza maduka yao ya mitaani, wakabaki na ya stesheni, viwanja vya ndege na hospitali, mahali ambapo watu wanapita tu.

Na stoki pia uiangalie. Kartoni ya A4 huwa na rame tano, kila rame karatasi 500, kama kilo 2.5. Usiipange juu ya simenti wala kuiegemeza ukutani: mvua zikianza, unyevu unapanda, karatasi inajikunja pembeni na kukwama ndani ya fotokopi. Iweke juu ya mbao, fungua rame moja baada ya nyingine, nyingine zibaki kwenye ganda lake. Bahasha za gundi ndizo za kwanza kuharibika, zinajifunga zenyewe. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Kadi na karatasi za kufungia zawadi zifunike kwa plastiki. Ajenda chukua chache, maana baada ya Januari hakuna anayeiuliza.

Nitumie mauzo ya mwaka jana, mwezi kwa mwezi, pamoja na garanti wanayokudai Kampemba. Usisaini chochote kabla hatujayapitia pamoja.

Ndugu yako,
Ilunga