Nyuzi mbili tu

Jinja, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku. Mvua imetufungia ndani tangu mchana, heri nikujibu kabla umeme haujakatika. Umeuliza kama ni kweli nawafundisha muziki wa roki watoto ambao hata kushika upinde wa fidla bado wanahangaika. Ni kweli, na sijutii.

Muhula mzima tulisugua wimbo mmoja wa kanisani, kila mtoto akifika mwisho kwa wakati wake, kama boda zinazogombea abiria. Siku moja nikaondoa karatasi za noti. Nikasema: pigeni uzi wa D na wa A kwa pamoja, wazi, bila kidole. Dada, ile sauti! Ndiyo anayoitafuta mpiga gitaa wa roki: noti ya msingi na ya tano ukihesabu kutoka hapo, basi. Kwenye fidla, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (ile kubwa ya kupigwa umekaa) nyuzi hizo ni majirani, D chini na A juu yake. Besi, kubwa kuliko zote, imepangwa vingine, uzi hadi uzi ni noti nne badala ya tano, hivyo kijana wake namwachia D peke yake, naye anajivuna kana kwamba bendi ni yake.

Kazi yenyewe iko mkono wa kulia. Nusu ya chini ya upinde, mwendo mfupi, mzito, huku nusu ya darasa ikipiga makofi kwenye pigo la pili na la nne. Wakinogewa wanakimbiza mdundo! Nawasimamisha, watembee papo hapo kwa miguu, ndipo tunaanza tena.

Baadaye tukaongeza F na C. Hapo wa fidla na viola wanarudisha kidole cha pili nyuma kikigusana na cha kwanza. Wamezoea kukiweka mbele, kwa hiyo wananung'unika. Wa chelo hawana shida, kidole chao cha pili kinaangukia papo hapo. D, F, G, A, C: noti tano, na kila mtoto anatunga kipande chake cha kurudiarudia.

Nilikosea jambo moja. Niliharakia ule mtindo wa kuudondosha upinde kwenye nyuzi karibu na kishikio ili ulie kama ngoma, ambao Mmarekani Richard Greene aliuanzisha kwenye fidla miaka ya 1960. Mikono ilikakamaa, nyuzi zikalia kama mlango wenye kutu. Nimeuweka kando mpaka mwakani. Badala yake niliwaonyesha kwenye simu Apocalyptica, wale wapiga chelo wa Ufini walioanza 1993. Siku iliyofuata watatu waliomba kuhamia chelo, nami nina mbili tu.

Mzee mmoja mpiga endingidi, fidla ya kienyeji ya uzi mmoja, alichungulia dirishani, akasikiliza, akauliza mbona sisi tunahitaji nyuzi nne kwa jambo ambalo yeye analifanya kwa mmoja. Sikuwa na jibu. Nimemwalika Alhamisi.

Ukija, niletee rozini, ule utomvu mkavu wa kupaka upinde, vipande viwili. Msuguano huu unaila kama sukari.

Nduguyo wa Jinja