Kalkulasi huanguka kwenye mabano

Mhariri,

Wanaoanza kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) hukwama kwenye fankisheni, yaani kanuni inayogeuza namba moja kuwa nyingine, kabla ya kalkulasi yenyewe. Wakipewa f(x) = x² na kutakiwa mteremko wa mchoro wake x ikiwa 3, wengi huandika f(3 + h) = 9 + h, h ikiwa hatua ndogo kutoka 3. Sivyo. Mabano baada ya f si ya kuzidisha, yanaonyesha kinachoingizwa. Weka (3 + h) yote mahali pa x, kisha uipandishe kipeo cha 2: 9 + 6h + h². Toa 9, yaani f(3), gawanya kwa h (isiwe 0 hapo), ubaki na 6 + h. h ikikaribia 0, mteremko ni 6. Aliyeanza na 9 + h hupata 1, tena bila kushtuka.

Walimu wa Kisumu na Nakuru, msikimbilie kanuni za mkato za kupata mteremko. Huficha kosa hili vizuri mno.

Mwalimu wa hisabati,
Kisumu