Kelele za mtoto mwenye usonji si utovu wa adabu

Mhariri,

Mtoto mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na hisi) akiziba masikio na kupiga mayowe ndani ya daladala, abiria husema kadekezwa, au ana mapepo. Mara nyingi ni honi, muziki na msongamano vimemzidi. Kumfokea ni kumwongezea kelele zilezile zinazomtesa. Konda apunguze redio, mtoto apishwe dirishani, azungumze naye mtu mmoja tu kwa sentensi fupi, kisha asubiriwe. Jibu huweza kuchelewa. Asilazimishwe kutazama watu machoni: wengi husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni.

Wengine bado wanadai chanjo ndiyo huleta usonji! Makala ya mwaka 1998 iliyozua uvumi huo ilifutwa na jarida la kitabibu lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010. Na asiyezungumza huenda anaelewa yote mnayomsema mbele yake.

Mwalimu wa elimu maalumu,
Morogoro