Shukrani kwa mama wa kwenye pantoni

Natoa shukrani zangu za dhati kwa mama mtu mzima ambaye, jioni ya mahafali ya kidato cha sita ya kitinda mimba wangu, alinikuta nikilia ndani ya pantoni ya Kigamboni, akanisogezea nafasi kwenye benchi na kunishika mkono mpaka tulipofika Magogoni. Furaha nilikuwa nayo, kwani miaka sita ya sekondari haikupita kirahisi, lakini nilikuwa nikiwaza ukimya utakaobaki nyumbani atakapokwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kisha chuo. Hakuniambia ninyamaze, aliniuliza tu, “Wa mwisho huyo, mwanangu?” Mama, sikukuuliza jina, na hilo linanisumbua hadi leo. Mwenyezi Mungu akulipe.