Si kweli kwamba wote tulifika salama

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini hili la juzi limenishinda kunyamaza. Nazungumzia ile habari ya mbio za baiskeli za Kibaha hadi Morogoro, iliyokuwa na picha kubwa ya mgeni rasmi akipunga bendera na picha ndogo ya mshindi pembeni. Mwandishi wako alihitimisha kwamba mashindano yalifana na washiriki wote walifika salama. Nami nilikuwa miongoni mwa hao wote. Sikufika salama, na nilipofika hapakuwa na mtu wa kunihesabu. Naomba urekebishe habari hiyo, na safari hii mwandishi wako aulize walioko nyuma pia.

Mimi si mtu wa timu. Nashona nguo Mlandizi, na baiskeli naendesha Jumapili asubuhi kabla jua halijawa kali. Tangazo lilitualika sisi wa ridhaa kwa maneno matamu, na kiingilio tulilipa sawa na wenye timu, shilingi 30,000 kila mmoja. Tuliondoka Maili Moja, Kibaha, saa 12 asubuhi, pikipiki za trafiki mbele na gari la wagonjwa nyuma. Hadi daraja la Ruvu ilikuwa raha tupu. Magari yalizuiwa, watoto walisimama kando wakishangilia, na nikaona kumbe barabara hii ninayoiogopa siku zote inaweza kuendeshwa baiskeli kama watu wakiamua. Kwenye mizani ya Vigwaza kundi likakatika vipande. Tulipopita Chalinze, wa mbele walishapotea machoni, na pikipiki zote za trafiki zilikuwa pamoja nao.

Kuanzia hapo tulikuwa peke yetu ndani ya barabara kuu inayobeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Anayeijua Chalinze hadi Morogoro anajua nasema nini: njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori yamefuatana, na mabasi yanayogombea muda. Baada ya Mdaula likaja gari la mwisho, pikapu yenye maji na godoro, ambalo kazi yake ni kukaa nyuma ya mtu wa mwisho. Lilinipigia honi, likanipita. Kijana aliyekaa nyuma akanipigia kelele nipande au nivue namba, kwa sababu wao wanawahi zawadi Morogoro. Nikamwambia miguu bado ina nguvu na muda wa mwisho haukutangazwa popote, wala kwenye fomu wala pale Maili Moja. Wakaondoka na maji yao. Kumbuka, Mhariri, hiyo ilikuwa kabla ya saa 6 mchana, na nyuma yangu walikuwepo wengine, akiwemo dada mmoja aliyekuwa akiendesha vizuri sana lakini alipata pancha karibu na Ubena na hakuwa na tyubu ya akiba.

Karibu na Bwawani basi lililotoka Morogoro likaamua kulipita semitrela mbele yangu. Dereva aliniona, kwa sababu aliniwashia taa, na akaja hivyo hivyo upande wangu. Sikuwa na pa kwenda ila nje ya lami. Pale ukingo wa lami umemomonyoka na kuacha ngazi ya zaidi ya shubiri, tairi la mbele likaanguka chini, nami nikaenda na usukani hadi kwenye kokoto. Kiwiko kikachanika, goti likavimba, rimu ikapinda hata gurudumu halizunguki tena. Basi halikusimama. Gari la wagonjwa lilikuwa Morogoro linasubiri washindi. Aliyesimama ni kijana wa mkaa, mwenye magunia mawili nyuma ya baiskeli, aliyekuwa akisukuma kupanda kilima. Aliiegesha kwa ule mti wa panda wanaotembea nao, akatoa koleo mfukoni, akaanza kulegeza spoki za upande mmoja na kukaza za upande wa pili, huku akizungusha gurudumu na kuweka kidole gumba kando ya rimu kusikia linapogusa. Halikunyooka kabisa. Akafungua breki ya mbele lisiwe linasugua, akaniambia nishuke vilima taratibu na kutumia ya nyuma peke yake. Hela alikataa. Nilipomuuliza yeye anafanyaje na haya mabasi, akasema akisikia honi nyuma anatoka barabarani hapo hapo bila kugeuka, kwa sababu jirani yake aligeuka kuangalia.

Maneno hayo yamenikaa. Sisi tulikuwa pale siku moja, tumevaa namba na kofia. Wenzetu wa mkaa, wa maziwa, wa mikungu ya ndizi, wanafunzi wanaokwenda shule za sekondari kijiji cha pili, wako pale kila siku ya Mungu. Na pembeni ya barabara, ambako ndiko wanakofukuziwa, hakupitiki. Lori likiharibika dereva anakata matawi anayamwaga barabarani kuonya wenzake, anaweka mawe makubwa kuzuia matairi, na akishatengenezewa anawasha gari anaondoka. Mawe yanabaki, matawi yanabaki, na oili iliyomwagika inabaki. Siku ile, kati ya Mikese na Kingolwira nilipita mawe ya namna hiyo mara kadhaa, mengine katikati kabisa ya mstari ambao baiskeli inapita. Usiku hayaonekani. Dereva wa lori anayeacha jiwe barabarani anastahili faini kama anayeendesha bila leseni. Na zile rasta, yaani matuta madogo ya mfululizo, zinazowekwa kabla ya vijiji zimevutwa hadi mwisho wa lami, kwa hiyo mwenye baiskeli hana hata nafasi ya kiganja ya kupita. Aliyebeba mzigo lazima ashuke. Nani alishindwa kuacha mwanya wa nusu mita?

Mashindano marefu yanaweza kufanyika bila kumdharau wa mwisho. Ufaransa wana safari ya Paris hadi Brest na kurudi Paris, kilomita 1,200 hivi, historia yake inaanzia 1891, na wanaoendesha siku hizi ni watu wa ridhaa kama mimi. Barabara hazifungwi. Lakini kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba ana saa zisizozidi 90 na kila kituo kinafungwa saa ngapi, na sheria ya nchi inamtaka dereva nje ya mji aache mita moja na nusu anapompita mwenye baiskeli. Hapa jirani, Kigali ilipokea mashindano ya dunia Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Barabara zilifungwa na wanaume wakaendesha kilomita 267.5. Kwa hiyo nisiambiwe haya ni mambo ya Ulaya.

Nataka yafuatayo, na nayasema kwa uzito wote. Muda wa mwisho uandikwe kwenye fomu, na wa kila kituo: Chalinze saa ngapi, Bwawani saa ngapi, Msamvu pale Morogoro mjini saa ngapi. Gari la mwisho lifungwe bendera nyekundu na lisimpite mtu yeyote ambaye muda wake haujaisha. Pikipiki za trafiki zigawanywe, nusu mbele na nusu nyuma, maana anayepitwa na mabasi ni wa nyuma. Gari hilo la mwisho libebe sururu na vijana wawili wa kutoa mawe barabarani, kazi ambayo itawafaa pia watu wa mkaa baada ya sisi kuondoka. Na mgeni rasmi apande humo kuanzia Chalinze, aione barabara kwa mwendo wetu. Hotuba yake isubiri hadi mtu wa mwisho afike Morogoro. Hii barabara ya kulipia inayopangwa kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro ikijengwa, basi pembeni ya barabara ya zamani pasawazishwe na lami, papewe baiskeli kwa mstari na kwa sheria.

Mbio za mwaka ujao zikitangazwa bila saa za vituo, kiingilio changu hawatakiona, na wenzangu wa Mlandizi nimeshawaambia wasilipe hadi waione fomu.

Mwendesha baiskeli wa ridhaa,
Mlandizi, Pwani